Kahawa ya Mama na Jino la Paka

Kaa vizuri, wewe unayenisikiliza, hata kama unanisikiliza kwa macho tu na umesimama kwenye foleni mahali. Nataka kukueleza jinsi tunavyomsafisha paka meno nyumbani kwetu, na nitakueleza polepole, maana kueleza polepole ndiyo kazi yangu. Ninafundisha watu kuendesha gari. Kila asubuhi mtu mzima mwenye heshima zake huketi kando yangu, akashika usukani kana kwamba utamng'ata, nami humwambia: pumua kwanza, gari hata halijawashwa. Kwa hiyo na wewe pumua. Paka wako bado amelala.

Nyumba yetu iko Buhongwa, upande wa juu wa barabara ya Shinyanga, imeegemea jiwe kubwa kuliko nyumba yenyewe. Tunaishi wanne: mimi, mume wangu, mama yangu mzazi, na paka. Paka ni wa kijivu, mzee, sikio lake moja lina pengo, na alikuja Mwanza kwa meli kutoka Bukoba akiwa ndani ya tenga la kuku, juu ya mapaja ya mama. Alikuwa paka wa baba. Baba alipofariki, mama aliacha migomba mikononi mwa kaka yangu, akaacha vyombo, akaacha hata kiti cha baba, lakini paka hakumwacha. Humwita "mwenzangu". Asubuhi humsalimia yeye kabla ya sisi, na sisi hatuna neno.

Mume wangu ni mtu wa Misungwi, amekulia nyuma ya ng'ombe, na kwao mama mkwe huheshimiwa mpaka heshima yenyewe inachosha. Anasema babu yake akimwona mama mkwe wake anakuja njiani, aliingia kwenye mahindi akasubiri apite. Kwetu hakuna mahindi ya kuingia. Kuna sebule moja na choo kimoja. Basi mume wangu akabuni njia yake. Salamu humpa mama moja kwa moja: "Shikamoo, mama." "Marahaba, baba, umeamkaje?" Lakini jambo lolote lenye harufu ya kupingana humwambia paka.

Tukiwa mezani, kwa mfano, ndizi zimezidi chumvi. Mume wangu atainama kutazama chini ya meza.

"Paka," atasema, "leo usiende mbali na maji."

Mama hatainua macho. "Mwenzangu, mwambie huyo anayeongea nawe kwamba jiko liko palepale, na kijiko kipo."

"Paka, mimi sijasema kitu. Nimekushauri wewe tu."

Nami katikati nakaa nikicheka na ndizi mdomoni. Mgeni akitutembelea mara ya kwanza huwa anaangalia chini ya meza kama kuna mtu wa nne. Nakueleza haya mapema kwa sababu bila desturi hii jambo lenyewe lisingetokea.

Lilianza na dagaa. Paka wetu alikuwa anapenda dagaa kiasi kwamba ukifungua mfuko jikoni, yeye aliyekuwa juu ya jiwe nje unamkuta tayari miguuni pako. Kisha akaanza vituko. Anamchukua dagaa, anainamisha kichwa upande, anatafuna mara moja, anamwangusha. Halafu anamtazama pale sakafuni kana kwamba ametukanwa naye.

"Anamkumbuka mzee," mama akasema.

"Paka, umekuwa bwana mkubwa," mume wangu akasema. "Unataka sato wa kukaangwa na limao pembeni?"

Mimi nilidhani anadeka. Mpaka siku moja alinilalia kifuani, akapiga mwayo mrefu usoni pangu. Rafiki yangu, nimefundisha watu kuendesha gari la mkopo lililokuwa likibeba samaki, madirisha yamefungwa kwa sababu ya mvua. Halikunuka vile.

Mume wangu alisema hilo ni jambo dogo, yeye amefungua midomo ya ng'ombe tangu akiwa mtoto. Akamkamata paka kwa kujiamini kabisa, mkono mmoja nyuma ya shingo, mwingine kwenye taya, kama anataka kukadiria umri wake mnadani. Kilichofuata kilikuwa kifupi. Paka akawa juu ya kabati na mume wangu akawa kwenye bomba la maji, ananawa damu.

"Ng'ombe ana adabu," akasema.

"Ng'ombe hana makucha," nikamwambia.

Tukampeleka Nyakato kwa daktari wa mifugo, ambaye ana chumba chake nyuma ya duka la vyakula vya kuku. Wateja wake wengi ni kuku na mbwa wa ulinzi, lakini alimpokea paka wetu bila haraka. Alimfunika taulo, akaacha kichwa tu nje, akatelezesha kidole gumba kando ya mdomo na kuinua mdomo wa juu. Hakufungua taya hata kidogo. Nikasema moyoni, kumbe! Meno ya paka unayaona kwa nje, kama unavyoinua pazia.

Tukaona. Kwenye meno ya nyuma kulikuwa na ukoga wa manjano uliokuwa mgumu kama jiwe, na pale ufizi unapokutana na meno kulikuwa na mstari mwekundu.

"Huu ukishakuwa mgumu hivi hautoki kwa kitambaa," daktari akasema. "Wala msije mkaukwangua na kisu nyumbani, mtamuumiza. Lazima nimchome sindano alale, nimsafishe."

Mama, aliyekuwa amekaa na tenga tupu mapajani, akauliza, "Alale?"

Nilijua anachouliza. Baba alichomwa sindano ya usingizi kabla ya kupasuliwa, akiwa tayari amechoka sana na ugonjwa, na hakuamka. Hakuna aliyekosea. Mwili ulikuwa umefika mwisho wake. Lakini mama tangu siku hiyo hataki kusikia kiumbe anachomwa sindano alale. Alilishika tenga kwa mikono miwili, kisha akasema, "Mara moja. Mara moja tu, kwa sababu anashindwa kula." Daktari alipokuwa kazini, mama alikaa nje kati ya magunia ya pumba akiimba nyimbo za kanisani kwa sauti ya chini, na wanunuzi wa chakula cha kuku wakawa wanavua kofia.

Paka alichelewa kuamka, lakini aliamka. Na alivyotembea! Alikuwa anavuta kushoto, anasimama, anarudi nyuma kidogo, anavuta kushoto tena, kama wanafunzi wangu wote wiki ya kwanza. Mama alicheka mpaka akajifuta machozi kwa khanga.

Daktari akatuita. Jino moja dogo lililovunjika alilitoa. Mengine aliyasafisha. Ila lile kubwa la juu, nyuma, upande wa kushoto, ufizi wake ulikuwa umeanza kuachia.

"Hili linaweza kupona au lisipone," akasema. "Mkimsafisha kila siku, ufizi ukashika, linabaki. Mkirudi nikakuta ufizi bado mwekundu, nitalitoa. Na hapo atalala tena."

"Hatalala tena," mama akasema.

"Basi msafisheni, mama."

Hiyo ndiyo ikawa shughuli ya nyumba yetu. Jino moja, na nyuma ya jino hilo sindano, na nyuma ya sindano mama.

Nikaanza kumfundisha paka kama ninavyofundisha watu. Mwanafunzi wangu siku ya kwanza haendeshi. Anakaa, anazoea kiti, anashika usukani, anashuka, anaenda nyumbani akiwa na furaha kwamba hakuna aliyekufa. Kwa hiyo mwanzoni sikugusa jino. Nilisubiri paka ashibe na atulie, nikamkuna chini ya kidevu, nikapitisha kidole kwenye shavu kwa nje, basi. Akapata dagaa wake, safari hii aliyelowekwa akalainika. Siku zilizofuata kidole kikainua mdomo wa juu na kuuachia hapohapo. Dagaa. Kisha kidole nikakiviringishia kitambaa laini kilichochovywa kwenye maji ya kuchemshia samaki, yasiyo na chumvi wala kitunguu, nikakipitisha juu ya chonge. Akalamba. Akanitazama. Akalamba tena, na macho yake yakasema, huyu mwanamke leo ana vidole vitamu.

Mbona nilifurahi! Nilitoka nje nikamtangazia jirani anayeuza mkaa, "Amekubali!" Akadhani kuna harusi.

Hapa nikukanye mambo mawili, kisha tuendelee kucheka. Dawa ya meno yetu sisi usiitumie kwa paka. Sisi tunatema, yeye hajui kutema, atameza, na dawa hiyo ina vitu vinavyomdhuru. Pia usimwekee magadi, chumvi wala ndimu. Kitambaa kibichi chenye ladha ya samaki kinatosha, na ukikosa hata ladha, maji matupu yanatosha. Kazi inafanywa na msuguo. Na sugua upande wa nje tu, ule unaoangalia shavu, maana upande wa ndani ulimi wake wenyewe unasaidia, unakwaruza kama tupa. Acha kabla hajachoka. Paka akikukimbia leo, kesho umeanza upya kwenye kuzoea kiti.

Haya. Kila kitu kilikwenda vizuri, isipokuwa mama hakuridhika.

"Mwanangu," akaniambia, akiwa amekunja mikono, "unamsafisha mdomo kwa samaki."

"Ndiyo, mama, apende kusafishwa."

"Tatizo lake lilikuwa nini?"

"Ufizi."

"Kabla ya ufizi. Tulianzaje kujua?"

"Alikuwa ananuka mdomo."

"Ananuka nini?"

Nikakitazama kitambaa kidoleni mwangu.

"Samaki," mama akasema kwa upole mkubwa, kama mimi ninavyomwambia mwanafunzi kwamba amekanyaga breki badala ya klachi. "Ananuka samaki, unampaka samaki. Haya, endelea, wewe ndiye mwalimu."

Mume wangu akamwinamia paka. "Paka, hapo bibi amemfunga mke wangu bao."

Nikamweleza mama kwamba harufu haikuwa ya samaki, ilikuwa ya uozo wa ufizi, na ufizi ukipona harufu itakwenda. Akaitikia kwa kichwa. Nimeishi na mama miaka mingi, ningepaswa kujua kwamba kichwa chake huitikia kwa heshima na moyo wake ukaendelea na shughuli zake.

Kwetu Kagera, mgeni akiingia ndani hapewi maneno kwanza. Anapewa kahawa ya kutafuna. Ni buni zilizochemshwa pamoja na majani yenye harufu nzuri, zikakaushwa, zikawekwa kwenye kijikapu. Unachukua chache, unatafuna, mdomo unachangamka, ndipo mazungumzo yanaanza. Mama alikuja na kijikapu chake kwenye meli hiyohiyo iliyomleta paka, na kaka yangu humletea nyingine kila akipata msafiri. Kwa mama, kahawa ile ndiyo inayofanya mdomo wa mtu uwe wa kukaribiwa. Wazee wake walitafuna, yeye ametafuna, baba alitafuna mpaka mwisho, na meno aliyobaki nayo mama, ingawa si mengi, anayadai yote ni kazi ya kahawa.

Unaona tunakoelekea.

Siku hiyo nilikuwa kazini, barabara ya kwenda Misungwi, na mwanafunzi ambaye ni fundi cherehani. Alikuwa ndiyo kwanza ameingiza gia ya tatu, anaimba kwa furaha. Simu ikaita. Nikamwomba asimamishe gari pembeni, akalisimamisha vizuri kabisa, nikapokea. Mume wangu.

"Mwalimu," akasema. Huniita hivyo akiwa na shida. "Paka yuko juu ya pazia."

"Mtoe."

"Ameshatoka. Sasa yuko juu ya lile pazia lingine. Ngoja. Sasa yuko juu ya friji. Anahema kama ametoka kukimbia mbio za mwenge."

"Amefanya nini?"

Nyuma yake nikamsikia mama akilia, "Mwenzangu, shuka, mwenzangu."

"Amepakwa kahawa," mume wangu akasema.

"Nani kampaka?"

"Mwenye kahawa."

"Na wewe ulikuwa wapi?"

"Nilikuwepo hapohapo kibarazani. Nilimwona mama anatafuna kahawa, akatema kwenye kitambaa, akazungushia kidole kama unavyofanya wewe, akamsugua nayo. Nilikataza, mwalimu. Nilisema wazi kabisa kwamba kitu hiki si chakula chake, kitamdhuru, kiachwe."

"Ulimwambia mama hivyo?"

"Nilimwambia paka."

Wewe cheka tu. Fundi cherehani alicheka mpaka akapiga honi kwa bahati mbaya. Mimi sikucheka, maana nilikuwa nimeshawahi kusikia kwamba kahawa kwa paka ni hatari. Nikambadilisha kiti fundi, nikageuza gari. Gari langu lina herufi L kubwa nyekundu mbele na nyuma, na kila mtu wa barabara ile amezoea kuliona likijikokota. Siku hiyo lilipita likiwa limenyooka, likitoa ishara ya kila zamu kwa wakati wake, na nilimwona trafiki mmoja akilisindikiza kwa shingo nzima. Fundi kando yangu akawa anasema, "Ishara, kioo, bega. Ishara, kioo, bega. Mwalimu, kumbe inawezekana!"

Nyumbani tukamkuta paka ameviringishwa taulo kifuani kwa mama, kichwa nje, macho meusi yamejaa mboni tupu. Mdomo tulimfuta kwa kitambaa cha maji. Mama akaketi nyuma naye, fundi kando yao akiwa ameshika tenga, mume wangu mbele.

Tukakaribia Nyakato. Kisha mume wangu akageuka nyuma.

"Paka," akaanza, "usimlaumu bibi. Bibi alikuwa..."

"Mkwe wangu," mama akasema.

Mume wangu akakauka.

"Mkwe wangu, huyu ninayemshika moyo wake unakwenda kama cherehani. Ulijua?"

Fundi akatazama dirishani.

"Nilihisi tu, mama," mume wangu akasema kwa sauti ndogo. "Nilikumbuka ile kahawa ya kwanza uliyokuja nayo, mimi nilipotafuna nyingi sikulala. Nikasema, na mimi nina kilo zangu hizi zote, paka itakuwaje."

"Ukamwambia yeye."

"Nikamwambia yeye."

"Huyu ni paka, baba. Hajui hata Kisukuma." Sauti yake ilikuwa inatetemeka, nami kwenye kioo sikujua kama ni kilio au kitu kingine. "Siku nyingine niambie mimi. Niambie, 'Mama, acha.' Heshima yako nimeipokea siku nyingi, imejaa ghala. Mimi huyu nikimwua kwa mkono wangu, baada ya sindano kushindwa, nitamwambia nini baba yenu?"

"Nimekosa, mama."

"Nimekosa mimi. Haya, tazama mbele, mkeo anaendesha."

Daktari alimsikiliza moyo, akamchunguza fizi, akauliza ilikuwa kiasi gani. Mama akaonyesha kwenye ncha ya kidole. Daktari akamfuta tena mdomo, akamweka kwenye chumba kilichotulia chenye giza, na maji karibu. Alisema ni kidogo, na mwili utaitoa, lakini angemkalisha hapo amwangalie, maana ingekuwa nyingi zaidi angetetemeka na kuanguka. "Kahawa, majani ya chai, chokoleti," akasema, "vyote hivyo mbali naye. Na mkimwona hivi tena, msisubiri."

Tukakaa kati ya magunia ya pumba, wote wanne, pamoja na fundi aliyekataa kwenda nyumbani kabla hajajua mwisho. Mama hakuimba safari hii. Alikaa ameshika kijikapu, maana kwa haraka ya kutoka alikuwa amekibeba bila kujua. Mume wangu akakitazama kijikapu kwa muda.

"Mama," akasema. Moja kwa moja. Bila paka. "Naomba unipe moja."

Mama akamtazama. Akamfungulia. Mume wangu akachukua moja, akatafuna, na uso wake ukajikunja kwa uchungu wa ile kahawa. Mama akaanza kucheka, kwanza kwa pua, halafu kwa mabega, halafu sote, mpaka mteja aliyekuja kununua chakula cha vifaranga akauliza kama duka limefungua kilabu.

Jioni ikiwa bado na mwanga, daktari akatoka na tenga. Paka alikuwa amelala kama kawaida yake, usingizi wa kwake mwenyewe, na tulipomfungua alinyoosha mguu mmoja, akatutazama mmoja mmoja kwa dharau, akarudi kulala. Mama akasema, "Mwenzangu ananidharau. Yuko mzima."

Tangu siku hiyo kazi ya meno haikuwa yangu tena. Mama aliniomba nimfundishe. Nilimkalisha kama ninavyomkalisha mwanafunzi, nikamwambia apumue, na akapumua. Kidole kwenye shavu. Inua mdomo. Kitambaa, maji ya samaki. Alishika haraka kuliko mimi, kwa sababu paka hakuwa na kinyongo, na pia kwa sababu mama humwongelesha wakati wote. "Fungua pazia, mwenzangu. Huku nyuma, kwa huyu mkorofi. Zungusha, zungusha. Basi." Mume wangu akamtafutia mswaki mdogo wa mtoto wenye nywele laini, na akaanza kuketi karibu nao.

"Mama, hapo kushoto hujafika."

"Nimefika."

"Hujafika, mama, nimeona."

"Wewe ulikuwa unaongea na paka, sasa umejua kuongea na mimi, umekuwa bwana shamba!" Lakini alirudia kushoto.

Na nyumba ikawa na kelele mpya. Wanapingana juu ya chumvi, juu ya redio, juu ya nani aliacha bomba linadondosha, uso kwa uso. Mimi sina hata nafasi ya kucheka, wananiuliza niamue. Wakati mwingine naona paka amekaa chini ya meza, anatazama huku na huku, kama mkalimani aliyeachishwa kazi.

Siku ya kurudi kwa daktari, mama alivaa gauni la Jumapili. Fundi cherehani ndiye aliyeendesha, kwa sababu alikuwa amekaribia kufanya mtihani na aliniomba sana, na alituendesha kwa gia ya tatu na adabu zote. Ndani, daktari akamfunika paka taulo, akatelezesha kidole gumba. Mama akafumba macho.

"Mama, usifumbe. Njoo uone," daktari akasema.

Akasogea. Mume wangu akasogea. Mimi na fundi tukachungulia juu ya mabega yao. Ufizi wa kushoto, juu, nyuma, ulikuwa wa waridi. Mstari mwekundu haukuwepo. Jino kubwa lilikuwa limekaa pale, limeshika, na daktari alipolisukuma kwa kidole halikujali.

"Hili linabaki," akasema. "Nani anamsafisha?"

"Mimi," mama akasema.

"Na mimi naangalia kushoto," mume wangu akasema.

Tulipofika nyumbani mama akafungua mfuko wa dagaa jikoni, wale wakavu kabisa, ambao hajawahi kulowekwa hata mmoja. Paka alitoka juu ya jiwe kama zamani. Akamchukua dagaa, hakuinamisha kichwa. Tukanyamaza wote tumsikilize. Kru, kru, kru, kwa upande wa kushoto. Mama akapiga makofi kama yuko kwenye kwaya.

Sasa zamu yako. Paka wako akija leo kujisugua kwenye mguu wako, keti chini, mkune kidevu mpaka atulie, kisha uweke kidole gumba kando ya mdomo wake na uinue mdomo wa juu, upande mmoja tu. Tazama ufizi unapokutana na meno ya nyuma. Ukiona mstari mwekundu au ukoga mgumu, mpeleke kwa daktari wa mifugo. Ukiona waridi, uachie mdomo, umpe dagaa mmoja, na kesho urudie.